Barua halali inapomezwa langoni

Asubuhi ya Januari 1, 2010, wakati watu wengi wakiwa bado usingizini baada ya mkesha, seva nyingi za barua pepe duniani zilianza kuzitilia shaka barua zote zilizoandikwa siku hiyo. Hazikuchagua. Salamu za mwaka mpya, risiti za benki, tiketi za ndege na taarifa za msiba zote ziliongezewa alama za ubaya.

Kosa la barua hizo lilikuwa tarehe.

Seva hizo zilitumia SpamAssassin, programu huria ya kuchuja barua taka ambayo wakati huo ilikuwa imejengwa ndani ya malango mengi ya usalama wa barua pepe. Miongoni mwa kanuni zake ilikuwamo moja iliyoitwa FH_DATE_PAST_20XX. Kazi yake ilikuwa kunasa barua zenye tarehe ya miaka ya mbali, kwa sababu wapo watumaji wa barua taka waliozoea kuweka tarehe za uongo ili barua zao zikae juu kabisa kwenye sanduku la mpokeaji.

Aliyeiandika kanuni hiyo aliuchukulia mwaka wowote kuanzia 2010 kuwa ni mbali mno. Mashine ilipewa alama hizi za kutafuta: 20[1-9][0-9]. Yaani 20, ikifuatiwa na tarakimu yoyote kati ya 1 na 9, kisha tarakimu nyingine yoyote. Mwaka 2009 ulipita salama. Mwaka 2010 ukanaswa.

Katika mipangilio mingi adhabu yake ilikuwa zaidi ya pointi 3, na kizingiti cha kawaida cha SpamAssassin ni pointi 5. Kwa hiyo barua safi kabisa iliweza kupita, lakini yenye dosari mbili tatu ndogo, za aina ambayo barua nyingi za kawaida huwa nazo, ilivuka kizingiti na kutupwa kwenye taka.

Kinachouma ni kwamba kosa lilikuwa limeshaonekana. Watunza programu walikuwa wamelirekebisha mwaka 2009 kwenye toleo lililokuwa bado jikoni, ila marekebisho hayo hayakupelekwa kwenye toleo walilokuwa wakilitumia watu. Yalitolewa siku ileile ya Januari 1. Ofisi ambazo seva zao zilipakua kanuni mpya kila siku zilipona haraka. Zile ambazo fundi aliiweka seva, akapokea malipo yake na kuondoka, ziliendelea kupoteza barua.

Na zilipoteza bila kujua. Barua taka ikipenya, simu ya malalamiko hupigwa kabla ya chai ya saa nne. Barua halali ikimezwa, hakuna anayepiga simu: mpokeaji hajui kama ameandikiwa, na mtumaji anadhani amepuuzwa.

> Barua taka ikipenya, watu hulalamika. Barua halali ikimezwa, mpokeaji hajui kama ameandikiwa.

Pointi juu ya pointi

Lango la usalama wa barua pepe ni seva inayokaa mbele ya seva ya ofisi. Kila barua kutoka nje hupita hapo kwanza. Lango huangalia anwani ya mtandao inayobisha hodi: je, imo kwenye orodha nyeusi? Huuliza kama mwenye kikoa ameiruhusu anwani hiyo kutuma kwa jina lake, ukaguzi unaoitwa SPF. Hukagua sahihi ya kidijitali, yaani DKIM, kuona kama barua imeguswa njiani. Husoma agizo la mwenye kikoa, DMARC, linaloeleza barua isiyojithibitisha ifanyweje. Baada ya hapo ndipo linafungua barua yenyewe na kupekua maneno, viungo na viambatisho.

Kila jibu huongeza au kupunguza pointi, na jumla ndiyo inayoamua.

Vita hivi ni vya siku nyingi. Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo la biashara kwa watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na akakaripiwa. Agosti 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham alichapisha insha iliyoeleza jinsi kompyuta inavyoweza kujifunza kutoka kwenye barua zenyewe, ikikadiria kila neno lina uzito gani upande wa taka na upande wa halali. Katika insha hiyohiyo alisisitiza kuwa, kwa watumiaji wengi, kupoteza barua halali ni kosa zito kwa mbali kuliko kupokea taka. Zaidi ya miaka 20 baadaye, bado kuna ofisi zinazopima lango lao kwa kitu kimoja tu: limezuia barua ngapi.

Anza na kichwa cha barua

Simu inayoingia chumba cha TEHAMA huwa moja kati ya mbili. "Taka zimezidi." Au, "Mteja anasema alituma tangu juzi, mimi sijaona kitu."

Jibu la haraka ni kugusa kizingiti. Taka zikizidi, fundi anakishusha kutoka 5 hadi 4. Barua za mteja zikipotea, anakipandisha hadi 7. Ukiona fundi anafanya hivyo kabla ya kusoma barua hata moja, jua tatizo litarudi.

Kila barua hubeba maelezo ya safari yake, yaliyofichwa juu ya maandishi tunayoyasoma. Humo mna mistari inayoonyesha seva zote ilizopitia, na kwenye lango linalotumia SpamAssassin huwamo mstari wa aina hii:

X-Spam-Status: Yes, score=6.3 required=5.0

Mbele yake hufuata majina ya kanuni zilizoiadhibu. Hapo ndipo pa kukaza macho. Barua kumi zilizopotea zikiwa na kanuni moja inayojirudia na ndiyo iliyobeba uzito wote, ugonjwa uko kwenye kanuni hiyo, na kizingiti hakina kosa. Ndivyo tatizo la mwaka 2010 lilivyoonekana: jina lilelile kwenye kila barua.

Wakati mwingine mstari huo haupo kabisa. Mara nyingi maana yake ni kwamba barua haikupita langoni. Hili hutokea sana siku hizi, kwa kuwa ofisi nyingi zimehamishia masanduku yao kwenye huduma za wingu na kuweka lango mbele yake. Huduma ya wingu, isipoambiwa vinginevyo, bado inapokea barua moja kwa moja kutoka kwa yeyote anayeijua anwani yake, na watumaji wa taka wanaijua. Fundi anaweza kuhangaika wiki nzima akikaza kanuni za lango wakati wageni wanaingilia uani. Dawa yake ni kuiagiza huduma hiyo ipokee barua kutoka anwani za lango peke yake.

Kuna kasoro nyingine, ngumu kidogo kuiona. Ukuta wa moto unapobadilisha anwani za wanaoingia, lango huona kila barua imetoka kwenye anwani moja ya ndani, tuseme 10.0.0.1. Orodha nyeusi hazina la kusema juu ya anwani ya ndani. Ukaguzi wa SPF nao unavurugika: ama kila mtumaji anaonekana mwongo, ama kila mtumaji anaaminiwa kama mwenyeji. Lango linakuwa linafanya kazi, taa zinawaka, ripoti ya mwezi inatoka, lakini limefumbwa macho.

Kujaribu kama kichujio kiko macho ni rahisi. Yapo maandishi maalumu yenye herufi 68, yanayojulikana kama GTUBE, yasiyo na madhara yoyote. Ukiyaweka ndani ya barua na kuituma kutoka nje, SpamAssassin huipa pointi 1,000. Ikifika sandukuni bila alama yoyote, kichujio hicho hakikuisoma.

Orodha iliyokufa

Orodha nyeusi ni huduma ya watu wengine. Lango huuliza kwa njia ya DNS, mfumo unaotafsiri majina ya mtandao kuwa anwani, "Anwani hii imo?" na kupata jibu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mzigo mkubwa wa taka duniani huzuiwa kwa njia hii kabla barua haijafunguliwa.

Lakini huduma hufa. ORDB, orodha iliyokusanya seva zilizoachwa wazi kwa yeyote kupitisha barua, ilifungwa Desemba 2006. Waliokuwa wakiiuliza waliombwa waitoe kwenye mipangilio yao. Wengi hawakuitoa. Machi 2008, baada ya zaidi ya mwaka wa kuendelea kupokea maswali, ORDB ilianza kujibu "ndiyo" kwa kila anwani. Malango yaliyokuwa bado yanaiuliza yakaanza kukataa barua zote, kutoka kila pembe ya dunia.

Watunza ORDB walilaumiwa sana. Lawama zangu ziko zaidi kwa upande wa pili. Mwenye lango aliyekaa zaidi ya mwaka akiuliza huduma iliyofungwa alikuwa hajafungua mipangilio yake muda wote huo.

Kasoro ya jamii hiyo iko hai hadi leo. Spamhaus, shirika lililoanzishwa London mwaka 1998 na Steve Linford, ndilo mtunzaji maarufu kuliko wote wa orodha hizi. Halitoi majibu ya bure kwa maswali yanayopitia huduma za DNS za umma, kama ile ya Google ya 8.8.8.8. Swali likipita huko, hujibiwa kwa namba ya kosa: 127.255.255.254. Lango lililopangwa kwa makini hujua kwamba namba hiyo si tuhuma. Lango lililopangwa kienyeji huona jibu limekuja, basi, mtumaji ni mhalifu.

Ndipo ofisi inapoamka asubuhi na kukuta haipokei barua kutoka popote, kwa sababu jana jioni kuna mtu aliyebadilisha DNS ya seva ili "intaneti iwe na kasi".

> Lango lililopangwa kienyeji huona jibu limekuja, basi, mtumaji ni mhalifu.

Kukataa kwa sauti au kumeza kimyakimya

Ugomvi mkubwa uko hapa, na pande zote mbili zina hoja.

Watu wa usalama wanataka barua mbaya ifutwe bila jibu. Ukimwambia mtumaji kwamba barua yake imekataliwa na kwa kanuni ipi, wanasema, umemfundisha tapeli namna ya kupita kesho. Wanaongeza hoja nyingine yenye uzito: anwani ya mtumaji kwenye barua taka kwa kawaida ni ya kughushi, hivyo lango likipokea barua kisha likarudisha taarifa ya kukataa, taarifa hiyo humwangukia mtu asiyehusika. Wapo watu waliowahi kufungua masanduku yao na kukuta maelfu ya majibu ya barua ambazo hawakuziandika.

Upande wa pili ni watu wa mauzo, ununuzi, udahili na mapokezi ya hospitali, ambao barua iliyopotea kwao ni mteja, mwanafunzi au mgonjwa. Hao wanataka kila kitu kipite, na wakichoka wanadai kikoa kizima cha mteja kiwekwe kwenye orodha ya ruhusa. Hili ni la hatari. Jina la mtumaji likitosha kupitisha barua bila kukaguliwa, tapeli ataandika jina hilohilo juu ya ankara yenye namba yake ya akaunti.

Ipo njia ya kati, nayo si mpya. Kanuni za kimataifa za usafirishaji wa barua pepe, RFC 5321 za mwaka 2008, zinasema seva ikishaipokea barua imebeba wajibu: iifikishe, au itoe taarifa kwamba imeshindwa. Kwa hiyo uamuzi ufanyike wakati seva ya mtumaji ingali kwenye mazungumzo. Lango liikatae barua hapohapo kwa namba 550 na sababu fupi. Mtumaji halali atajulishwa na seva yake mwenyewe. Mtumaji wa kughushi hatamletea mtu wa tatu usumbufu, maana lango halikuandika barua yoyote mpya.

Kwa yale mashaka ya katikati, ambapo pointi hazitoshi kukataa wala kupitisha, kuna karantini. Lakini karantini ambayo mpokeaji haoni orodha yake kila siku haina tofauti na kufuta. Kuhusu hofu ya kumfundisha tapeli, anayefanya kazi hiyo kwa ustadi hupima barua zake dhidi ya vichujio hivihivi kabla ya kuzituma. Anayebaki gizani kwa kimya chetu ni mtumaji halali.

Tukio la Januari 1, 2022 linaonyesha tofauti kati ya barua iliyokwama na barua iliyomezwa. Seva za Microsoft Exchange za 2016 na 2019 zilizowekwa maofisini zilikwama usiku huo. Injini ya kukagua virusi ilikuwa na namba ya toleo iliyoundwa kwa tarehe, ikaandikwa 2201010001, wakati nafasi iliyotengwa kuhifadhi namba hiyo haikuweza kupita 2147483647. Injini ikagoma na barua zikarundikana kwenye foleni. Ilikuwa siku ngumu kwa mafundi, lakini barua zilikuwapo, zinahesabika, zinasubiri. Microsoft ilitoa namba mpya ya toleo, 2112330001, ambayo ukiisoma kama tarehe ni Desemba 33, 2021. Tarehe hiyo isiyokuwapo kwenye kalenda ndiyo iliyofungua foleni.

Kiswahili mbele ya mashine

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kuna mambo yanayotugusa zaidi.

Ofisi nyingi ndogo hutuma barua kupitia seva za kukodi zinazochangiwa na wateja wengine kadhaa. Mteja mmoja akiibiwa nywila na akaunti yake ikatumika kumwaga taka, anwani ya seva nzima inaingia orodha nyeusi, na duka la vipuri lisilojua lolote linaanza kurudishiwa nukuu zake za bei. Rekodi za SPF nazo huharibika kwa kurundika: huduma ya mishahara imeongezwa, ya matangazo imeongezwa, ya dodoso imeongezwa. Kanuni inaruhusu maulizo 10 tu ya DNS kwa ukaguzi mmoja. Yakizidi, ukaguzi mzima unahesabika kuwa mbovu.

Kisha kuna lugha yenyewe. SpamAssassin ina kipengele kinachotambua lugha ya barua, na Kiswahili kimo kati ya lugha inazozijua. Hakifanyi kazi mpaka msimamizi akiwashe na kutaja lugha anazozikubali. Msimamizi aliyenakili mipangilio ya Ulaya au Marekani, akaandika Kiingereza peke yake, ameiongezea kila barua ya Kiswahili karibu pointi 3 kwa sababu ya lugha tu.

Sehemu inayojifunza maneno haianzi kutoa hukumu mpaka ionyeshwe angalau barua taka 200 na barua halali 200. Ikifundishwa kwa taka za Kiingereza na barua halali za Kiingereza, maneno kama "zabuni", "ada ya muhula" au "rambirambi" hayana uzito wowote kwake. Inabidi ifundishwe kwa barua zetu, na wa kuifundisha ni sisi tunaozipokea. Mfanyakazi anayeikuta barua ya mteja kwenye folda ya taka, akaisoma na kuiacha hapohapo, ameliacha lango na kosa lake.

Lango nalo hushambuliwa

Mei 2023 kampuni ya Barracuda ilitangaza kuwa malango yake ya Email Security Gateway yalikuwa na ufa uliopewa namba CVE-2023-2868. Wadukuzi walikuwa wakiutumia tangu Oktoba 2022. Walituma barua yenye kiambatisho cha TAR, yaani furushi la mafaili, ambacho majina ya mafaili ndani yake yaligeuka kuwa amri lango lilipoyasoma. Haikuhitajika mtu yeyote kubofya kitu, kwa kuwa lango ndilo lililofungua kiambatisho kwa kazi yake ya kila siku.

Wachunguzi wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant walibaini kwamba baadhi ya barua hizo ziliandikwa ovyo, kwa sarufi mbovu, na walikadiria kuwa ilifanywa makusudi. Barua ya ovyo huhesabiwa taka na hakuna mtaalamu anayejisumbua kuichunguza. Juni 6, Barracuda iliwaambia wateja walioathirika kwamba kiraka hakitoshi. Wabadilishe kifaa kizima.

Anayeshughulikia taka peke yake, bila kufuatilia taarifa za usalama za lango lenyewe, angeendelea kukaa na mgeni ndani hata baada ya onyo hilo.

Barua zinazorudi ziende wapi

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimewabana watumaji wakubwa. Kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aruhusu wapokeaji wa matangazo kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Mei 2025 Microsoft ilifuata kwa masanduku yake ya Outlook. Vyuo, benki, mashirika ya umeme na maji, yeyote anayetuma ankara kwa wingi, anahusika.

Barua isiyojithibitisha inapokataliwa na Gmail hurudi na namba, 550 5.7.26, pamoja na maelezo mafupi. Huko ndiko kukataa kwa sauti. Lakini taasisi nyingi hutuma ankara kutoka kwenye anwani ya "noreply" isiyo na msomaji, na majibu yote hayo huangukia kwenye sanduku hilo, mwezi baada ya mwezi, huku mkurugenzi akiambiwa kuwa wateja hawalipi kwa wakati.

RFC 5321 inataka kila kikoa kinachopokea barua kiwe na anwani ya postmaster inayofanya kazi, ili mtu aliyekwama nje apate wa kumweleza. Mkuu wa taasisi yoyote anaweza kuijaribu leo kwa simu yake binafsi: aiandikie postmaster ya kikoa chake mwenyewe, aulize swali moja la kawaida, na aone kama kuna mtu atamjibu kufikia Jumatatu.